UZI: Magofu na majumba ya kale yenye majini, Mombasa na kandokando yake. Nani ashaingia?

mwana_wa_kuze

Salaam wana jamvi. Nna wageni wanashuka kutoka Nakuru mwisho wa mwezi, watu wazima na akili zao, na wameniambia kabisa bichi hawataki, wataka wapelekwe kwenye majumba ya kale yenye majini. Nlicheka kwanza halafu nikaona si wazo baya, manake sisi hapa hizi stori tumelishwa pamoja na uji lakini ukimuuliza mtu wewe mwenyewe ushaingia anakwambia nlipelekwa na skuli darasa la tano. Kwa hivyo tujaze uzi huu. Sharti moja tu, sitaki stori ya binamu wa rafiki yake jirani. Taja pahali, taja unafikaje, sema uliona nini au hukuona nini.

Naanza na Fort Jesus na najua kuna watakaoguna, ati hiyo ni ya watalii. Haya, wewe unayepita nje na viazi karai yako mkononi kila jioni, lini uliingia ukakaa kimya? Mreno alianza kuijenga 1593 akamaliza 1596, ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu hapo ile nyumba haijapumzika kula watu. 1631 Sultan Yusuf bin Hassan, yule aliyelelewa Goa huko India akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia na watu wake akamuua kapteni wa ngome, na Wareno waliokuwa mjini wakauliwa. Hiyo bado ni ndogo. Waomani walikuja kuizingira Machi 1696 na haikuanguka mpaka Disemba 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa humo ndani, askari na raia, wanawake na watoto, na kilichowamaliza wengi si mizinga, ni maradhi. 1697 ilifika hali ya kuwa Wareno wenyewe wameisha na ngome imeshikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake wachache, wake kwa waume. Na mwisho wake sasa, ngome ishachukuliwa, siku chache tu baadaye meli za msaada zikatokea, zikaona bendera ya Oman iko juu, zikageuza zikaenda zao. Ukisimama juu pale ukaiangalia ile bahari na hiyo habari unayo kichwani utahisi kitu hata kama huamini kitu.

Halafu Mwingereza naye akaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mtu akiniambia amesikia minyororo Fort Jesus mimi sibishani naye, namuuliza tu ya nani, kwa sababu pale kuna foleni.

Kitu cha kuangalia ni ile michoro ya ukutani, ya makaa na udongo mwekundu. Msiipite haraka kukimbilia mizinga. Ni askari wa Kireno waliokuwa hawana la kufanya, wamechora meli, wamechora samaki. Mtu yuko zamu, kwao hakuonekani, anachora meli ukutani. Hiyo mimi inanitisha kuliko jini.

bi_kibokoni

Mwanangu wa Kuze hujambo. Ngome umeieleza vizuri lakini Mbaraki umeiruka kama hukuiona. Ule mnara wa mawe uko upande wa Kilindini, una msikiti wa kale ubavuni mwake, na watu wamepeleka shida zao pale tangu enzi za wazee wa wazee wetu. Mwanamke hapati mtoto, mtu yuaumwa na daktari haoni kitu, walikuwa wakienda na ubani na marashi ya mawaridi. Mimi nlipelekwa na nyanyangu, Mungu amrehemu, nikiwa mtoto. Hakuingia na kelele. Alivua viatu, akawasalimu wenye pahali, akamwaga marashi polepole chini ya ukuta kama anayemwagilia mche, akanishika mkono tukaondoka na akanambia usigeuke. Sikugeuka. Mpaka leo sijui ningeona nini na sina haja ya kujua.

Sasa nyinyi mnakwenda na masimu mnapiga selfi, jini toka tukuone, hilo ndilo silipendi. Kama yupo, mheshimu. Kama hayupo, unamtukana nani?

Na kabla hamjaniuliza, yule mwanamke mzuri mwenye kwato za punda, nshamsikia yuko Makadara, nshamsikia yuko Tononoka, nshamsikia yuko Mama Ngina, kila mtaa una wake, na kila aliyemwona ni mwanamume aliyekuwa nje saa nane za usiku na mkewe yuko nyumbani anamngoja na maelezo. Mimi nimenyamaza.

msee_wa_embakasi

Bi mkubwa umenimaliza na hiyo ya maelezo 😂😂

Mimi ni mtu wa Nai lakini nimefanya kazi hapo Mtwapa kitambo kiasi na kwa heshima zote hizi za majini kwangu ni stori za jaba, za watafuna miraa. Lakini Jumba la Mtwana nawaambia mwende. Unavuka daraja la Mtwapa, unashuka, boda inakupeleka mpaka karibu na maji, mibuyu mikubwa hivi na kuta zimesimama bila paa na hakuna mtu isipokuwa mlinzi na upepo. Kilichonishika si mzuka ni hesabu. Mji mzima, misikiti minne, nyumba za mawe, vyoo, birika, umejengwa karne ya 14 na ikifika karne ya 15 watu washafunga virago, miaka kama mia tu, na hakuna maandishi ya kale hata moja yanayoutaja. Yani watu waliswali hapo, kando ya birika la msikiti bado kuna yale mawe ya matumbawe ya kusugulia nyayo kabla hujaingia, nimeweka mguu wangu juu ya moja, liko sawa kabisa, halafu hujui hata jina la mtu mmoja aliyelikanyaga.

Kuna kaburi karibu na ule msikiti wa baharini lina maandishi ya Kurani, mlinzi akanisomea, kila nafsi itaonja mauti. Mimi si Mwislamu lakini niliacha kutafuna karanga.

kijana_wa_gede

Habari zenu. Mimi ni mzaliwa wa huku Gede na napeleka wageni ndani ya magofu, kwa hivyo nisameheni nikiwa na maneno mengi. Mwana_wa_kuze kaka yangu ukileta wageni wako wa Nakuru pahali pamoja tu, leta huku. Matatu za Malindi zinawashusha hapo stejini Gede, mnakata kulia mnaingia kwa mguu au tuktuk, si mbali.

Gede ni mji uliokaa tangu karne ya 12 hivi ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Una ukuta wa nje na ukuta wa ndani, jumba la mfalme, msikiti mkubwa, na nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani, nyumba ya mkasi, nyumba ya kijisanduku cha pembe, nyumba ya pesa za Kichina. Vyombo vya Kichina, shanga za Venisi, watu hawa hawakuwa maskini. Kuna kaburi limeandikwa mwaka, 802 wa Hijria, ndio 1399, na hilo ndilo limewasaidia wataalamu kupimia mengine.

Sasa sikilizeni kitu kinachonichanganya mimi kila siku na ninakieleza kwa mdomo wangu kila siku. Malindi iko kama kilomita 16 kutoka hapa. Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia. Waliandika kila kitu, bei ya vitambaa, nani kagombana na nani. Gede hawaitaji. Mji wenye ukuta na mfalme, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na hawauandiki. Either hawakuujua au hawakutaka kuujua, na mimi sioni lipi ni afadhali.

Wageni wakifika wananiuliza, na majini? Nawaambia wazee wetu wanasema mji una wenyewe, wazee wa zamani, wanaulinda, ukiharibu watakuandama. Wakicheka nawaeleza habari ya James Kirkman, yule Mwingereza aliyechimba hapa kuanzia 1948 hadi 1958, msomi, si mtu wa kijijini kwetu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kuna kitu au mtu nyuma ya kuta anamtazama, si adui wala si rafiki, anangoja tu jambo analojua litatokea. Hapo mara nyingi kicheko kinaisha.

Mimi mwenyewe? Jini sijaona. Usiku siingii. Mtu mmoja aliniuliza kama hujaona mbona huingii, nikamwambia kwani nimetumwa?

fundi_chokaa

Nyote mmesema vizuri, niruhusuni nimwage maji kidogo. Kazi yangu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, nimeshika kuta za nyumba za kale Mji wa Kale na za magofu pia, nimefanya kazi humo alfajiri na nimefanya kazi magharibi ikiingia. Sauti zipo. Sikatai kuwa zipo. Lakini nyumba hizi kuta zake ni nene, chumba cha ndani kabisa hakina dirisha, ukutani kuna zidaka, vile vijishubaka vya kuwekea vitu, mstari kwa mstari, ukikohoa kikohozi kinazunguka kinarudi kwako kama cha mtu mwingine. Ule ubaridi wa ghafla mnaousema ni jiwe, linashika unyevu, umetoka kwenye jua kali umeingia kivulini, ngozi lazima isimame. Popo wanajaa kila penye dari. Na kile kilio cha mtoto mchanga usiku ambacho kila mtu wa kuanzia Diani hadi Watamu amekisikia, jamani ni komba! Yule yule anayewaibia wagema tembo lao juu ya mnazi. Mkimsikia kwa mara ya kwanza hata mimi nawasamehe mkikimbia, lakini ni komba.

Ila sasa, na hapa ndipo ninapotofautiana na msee wa Embakasi anayeona ni stori za jaba, mimi hizi stori sitaki ziishe. Angalieni ni majengo gani yamebaki. Nyumba ambayo watu hawakuiogopa ilishavunjwa zamani, mawe yake yamekwenda kwenye misingi ya nyumba nyingine, boriti zimekuwa kuni, kiwanja kina ghorofa sasa. Iliyobaki na mlango wake na kuta zake ni ile ambayo mtu akiambiwa kachukue jiwe pale anasema mimi? Serikali ilitangaza Gede kuwa eneo la kihistoria 1927. Kabla ya hapo miaka mia tatu nani alikuwa mlinzi? Hakukuwa na askari, hakukuwa na tikiti. Kulikuwa na hofu tu, na ilifanya kazi bila mshahara.

kijana_wa_gede

Fundi nakubaliana nawe nusu. Nusu nyingine nakupinga na nakupinga kwa uchungu. Hofu hiyo hiyo ndiyo inaleta wachimbaji. Mtu anaamini kaburi la kale lina jini, na jini analinda mali, kwa hivyo chini lazima kuna dhahabu, anakuja usiku na mganga na kuku na sururu. Yale makaburi ya minara ya pwani yote hii yalikuwa yamepachikwa mabakuli ya Kichina, leo unaona mashimo ya duara tu ukutani pale bakuli lilipokuwa. Hawakuyang'oa watu wasioamini majini.

fundi_chokaa

Hiyo sina jibu lake kaka. Mashimo hayo nimeyaona. Lakini ninavyoona anayekuja na sururu anachukua bakuli, anayekuja na hati ya kiwanja anachukua pahali pote.

mdigo_wa_tiwi

Mumesahau pwani ya kusini kabisa au kwa sababu ya feri? 😅 Siku hizi barabara ya Dongo Kundu iko, hakuna kisingizio.

Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini kati ya Tiwi na Diani. Ni wa kale sana na umezungukwa na mibuyu, na tofauti na hayo magofu yenu huu bado watu wanaswali. Kwa hivyo msije na kaptula. Nimekua nikiambiwa kuna wanaoswali humo usiku ambao si binadamu, na aliyeniambia hakuniambia kunitisha, aliniambia kama vile mtu anavyokwambia duka la fulani linafungwa saa mbili. Wao wana saa zao sisi tuna zetu.

Hoja ya fundi huku kwetu inaonekana wazi kuliko huko. Makaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda. Kaya Kinondo mpaka leo ukiingia unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, hukati tawi, huokoti kitu ukatoka nacho, hakuna kubusiana wala mizaha, na unaongozwa na mtu wa kaya. Msitu umesimama na uko kwenye orodha ya UNESCO pamoja na makaya mengine ya Mijikenda tangu 2008. Halafu angalieni pembeni, pale ambapo mwiko ulilegea, mahoteli na viwanja vimekula msitu kipande kwa kipande. Hakuna aliyeuliza wazee wala mizimu.

Lakini nataka kusema kitu kuhusu Shimoni kwa sababu najua kuna mtu ataitaja. Mapango ya Shimoni watu walifungiwa humo wakingoja majahazi, wananchi wenyewe ndio wanayasimamia na kuna vyuma ukutani hadi leo. Mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja ulitiwa sahihi 1873 na bado watu waliendelea kupitishwa kwa siri kwenye pwani hii, ndiyo maana Freretown ikaanzishwa pale Kisauni kuwapa walioachiliwa pa kukaa. Hiyo kengele ya pale Kengeleni mnayopita na matatu mkigombania chenji ni yao. Sasa mgeni akija Shimoni akaniuliza je mizuka ipo mimi hunifurahishi. Ukiwa ndani, popo juu, matone ya maji, chini kunateleza, na mwongozaji anakuonyesha urefu wa mnyororo kwa mkono wake, hapo hakuna haja ya kuongeza kitu. Waleteni wageni, lakini mapango si sarakasi.

msee_wa_embakasi

Hii ya mwisho imeingia. Sina jokes.

dereva_wa_northern

Wakuu nimesoma uzi wote nikiwa nimepaki Mariakani. Mimi si mtu wa magofu ila sisi wa barabarani pia tuna petu. Mackinnon Road, ule msikiti wa Seyyid Baghali kando ya reli. Wanasema alikuwa msimamizi wa kazi enzi za kujenga reli kutoka Mombasa na karai lake la mawe lilikuwa linakwenda juu ya kichwa chake bila kumgusa. Mimi Mkristo. Nasimama. Turnboy wangu Mkristo, anasimama. Unaweka kitu kidogo, unaosha uso, unaendelea. Kuna jamaa alinicheka nikamwambia wewe pita tu, barabara ile naijua na wewe unaijua, kama una kitu kingine kinachokuweka hai usiku kati ya Voi na Mariakani niambie na mimi nikinunue.

Hapo si pa kutisha hata kidogo, ni pazuri, pametulia. Lakini kama wageni wa Nakuru wanakuja kwa gari wawaambie dereva asipite.

bi_kibokoni

Seyyid Baghali hiyo kweli dereva, Mungu akuweke. Na wewe Mdigo ahsante kwa hiyo ya kaptula.

mwana_wa_kuze

Nimewasoma nyote. Nimepanga hivi, mnikosoe. Siku ya kwanza Fort Jesus asubuhi kabla jua halijawa kali, mchana tuzunguke Mji wa Kale kwa miguu mpaka Leven House tuone zile ngazi zinazoshuka majini, jioni tupite Mbaraki kwa adabu, Bi Mkubwa nitavua viatu. Siku ya pili Jumba la Mtwana halafu moja kwa moja Gede. Mnarani pale Kilifi nataka kuiingiza njiani, ule mnara wa kaburi juu ya jabali na hori chini, lakini naogopa siku itakuwa fupi. Kusini niiache kwa safari nyingine, sitaki kuwakimbiza Shimoni kama wanaokagua mita za stima.

Swali langu, kuna anayejua kama wanaruhusu kukaa Gede baada ya jua kuzama? Wageni ndiyo wanachotaka.

kijana_wa_gede

Jioni saa kumi na mbili geti linafungwa kaka, na mimi nishakwambia msimamo wangu. Mkifika saa tisa mnatosheka, jua likianza kulala ndani ya ile miti giza linaingia mapema kuliko nje, mtapata mnachokitaka na geti likiwa bado wazi. Mnarani usiiingize, mtaifanya vibaya zote tatu. Kwenye msikiti mkubwa nitawaonyesha mkuki uliochongwa juu ya mlango, wengi wanapita chini yake bila kuinua kichwa. Vitambulisho mje navyo, mkazi wa Kenya halipi sawa na mgeni wa nje, na simu iwe na salio. Chakula msibebe mkononi. Kima wa pale hawana hofu ya mtu wala ya jini, ndizi itaondoka na mfuko wake.

msee_wa_embakasi

Kwenye gari kuna nafasi? Nachangia mafuta. Nataka tu kujua tutakuwa tumerudi Mtwapa saa ngapi, si kwa sababu naogopa.

bi_kibokoni

😂😂 Mwekeni katikati.

mwana_wa_kuze

Nafasi iko moja, nitumie inboksi. Na karanga zako uje nazo, ila Jumba utazimaliza kabla ya kushuka.